Wiki Tatu Tulizofunga Pamoja

Mwanangu Mapendo,

Mmeondoka asubuhi, wewe na baba yako, kwenda Runingu kumuaga bibi, na namjua mama mkwe wangu: hawezi kuwaachia kabla hajawapikia maharage na kuwasomesha majina ya ukoo mzima mpaka wale waliokufa kabla ya mimi kuolewa. Kwa hiyo nina mchana wote. Nimefunika cherehani, nimewaambia wateja kwamba leo sishoni, na nimekaa mezani na daftari lako la zamani la shule ambalo lilibaki na kurasa nyeupe nyuma. Kesho saa moja tutakuwa Kavimvira, na mpaka ukifunguliwa utavuka kwenda Bujumbura, na kutoka pale ndege itakupeleka Nairobi.

Sitakuandikia habari za hati, sanduku na sweta. Baba yako amekwisha kuzisema, na anazirudia kama rozari, akimaliza anaanza tena. Wala sitakuandikia habari za kula. Wewe unajua kuhusu kula kuliko mtu yeyote katika nyumba hii, na kila kijiko ulichokirudisha mdomoni ulikilipia kwa machozi. Mimi kukufundisha kula itakuwa kichekesho.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno moja ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka minane. Watu wa Kavimvira wananijua, hakuna mteja aliyewahi kunishinda kwa maneno, hata wale wanawake wa kuvusha vitenge ambao wanagombana na watu wa forodha, wale wa douane, kila asubuhi. Lakini neno hili likifika kooni linarudi chini. Nilidhani nitakwenda nalo kaburini na wala halitamdhuru mtu. Mwezi uliopita nikajua kwamba linamdhuru mtu, na mtu mwenyewe ni wewe.

Unakumbuka ile Jumamosi ulipokaa kwenye kile kigoda karibu na cherehani yangu, ukinieleza kazi unayokwenda kuifanya Nairobi, ya utafiti wa ugonjwa uliokuwa nao. Nilikuwa nashona sare za kwaya. Ulisema:

“Mama, kule watapima mifupa, watasikiliza moyo, watakamata damu. Kisha watauliza maswali ya kichwa, siku nyingi. Minye watanipima kwanza sawa wengine, halafu nitakuwa nauliza wale wenye wanaongea Kiswahili na Kifaransa.”

Nikakuuliza, “Na dawa yenyewe iko?”

“Haiko, mama. Iko kutafuta kujua.”

Nikacheka kidogo, nikasema kwamba dunia ina watu wenye nafasi, wanaacha kazi zao kutafuta kujua kwa nini mtoto hali. Hukukasirika. Ulinieleza polepole, kama unavyowaeleza watoto wa katekisimu. Ulisema kwamba ugonjwa huu vitabu vimeuandika sana kwa wasichana wa mbali wanaoogopa unene, lakini huku kwetu, ambako mtu mnene ndiye anayesalimiwa kwa heshima, wasichana wanaacha kula na hawasemi kabisa habari za unene. Wanasema Mungu, wanasema tumbo linajaa haraka, wanasema hawana sababu. Ndiyo maana walikutafuta. Ulisema pia kwamba njaa ikikaa mwilini muda mrefu inaanza yenyewe kufikiri mahali pa mtu. Kwamba mtu aliyepungua vile hata ungemwambia ukweli usingeingia, kwa sababu ubongo nao unalala njaa. Maneno hayo niliyashika. Yalinifanya nikumbuke siku nilizokupigia kelele kana kwamba nagombana na wewe, kumbe wewe hukuwa nyumbani.

Kisha ukasema lile lililonitoboa. Ulilisema ukiangalia sakafu.

“Kwa fishi yangu, ile karatasi ya ugonjwa wangu, wameandika kama mama naye alifunga wiki tatu bila kulegea. Dokta anasema pengine iko kitu kwa damu, muntu anazaliwa nacho, mama anapatia mutoto. Hawajajua bado. Lakini minye nilishamwambia Espoir asiningoje. Sitaki kuzaa mutoto mwenye atapita mule minye nilipita.”

Espoir, kijana mpole wa watu, mwalimu wa Luvungi, ambaye amekuja kwetu Jumapili ngapi sijui akikaa pembeni ya kiti kama mtu aliyekopa. Nilidhani mmegombana. Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani, na mshono ule ulikwenda upande, nikaja kuufumua baadaye. Nikakwambia, “Mungu ataona.” Hayo ndiyo maneno ya mtu mwenye cha kuficha, mwanangu. Mungu alikwisha kuona zamani.

Sasa nisikilize.

Mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na minne. Baba yako alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, na alikuwa amenyamaza. Mwanzoni simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa, baadaye haikuita tena. Watu waliotoka huko walikuwa wakinisalimia kwa huruma ambayo sikuipenda, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba mume wangu ana jiko lingine. Nilikuwa na hasira, Mapendo, hasira ambayo nilikuwa naiita huzuni kwa sababu huzuni inapendeza zaidi kanisani. Nikaenda kwenye kikundi cha maombi. Mama kiongozi wetu alinisikiliza, akaniuliza kama nyumbani kuna mtoto ambaye hajajua mwanaume. Nikasema yuko. Akasema, “Funga naye. Sala ya mutoto haizuiliwi.”

Simlaumu yeye. Kufunga ni kitu cha zamani na kizuri, nami hata leo nafunga Ijumaa Kuu na siogopi kukwambia. Lakini yeye alisema siku tatu. Wiki tatu ni mimi niliyeziongeza. Nilitaka kumwonyesha Mungu kwamba sina mchezo, na kama mtu anayenunua kwa mali ya mwingine, sikuangalia bei.

Nilikuita jioni, nikakwambia: “Minye na weye tutafunga juu ya baba yako. Muchana hakuna kitu. Magaribi kikombe cha uji. Kila wiki, Jumatano na Ijumaa, hakuna hata uji. Utaweza?” Ulisimama wima, ukasema utaweza. Ulifurahi kwa sababu nilikuchukua kama mtu mzima, na jambo hilo nililiona, nikalitumia.

Siku mbili za kwanza nilifunga kweli. Siku ya tatu, saa tano hivi, kule kwenye kibanda changu cha Kavimvira, mikono ilianza kutetemeka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Yule mwanamke wa ng’ambo aliyekuwa akipitisha viazi vitamu vilivyochemshwa alisimama mlangoni na beseni lake. Nilichukua viwili. Niliingia nyuma ya pazia, pale wateja wanapojaribia nguo, nikavila nimesimama, pamoja na ngozi, kama mwizi. Nikajiambia ni leo tu, kwa sababu ya kazi. Kesho yake nikachukua vitatu na ndagala wa kukaanga kwenye karatasi.

Nilikula kila siku, Mapendo. Wiki tatu zote isipokuwa zile siku mbili za mwanzo, mimi nilikula. Nilikuwa napangusa mdomo kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki, natafuna tangawizi ili pumzi isinisaliti, na jioni narudi nyumbani nikitembea polepole, kwa sababu mtu aliyefunga hatembei haraka. Niliigiza hata kutembea.

Na wewe ulikuwa unanisubiri na beseni la maji ya vuguvugu. Ulikuwa unaniosha miguu. Nilikuwa najua umeshinda shuleni na tumbo tupu, kisha umeteka maji, kisha umefagia, nami nakaa kwenye kiti nakuacha unioshe miguu. Halafu tunakaa na vikombe vyetu viwili vya uji. Jioni ya wiki ya pili, sijui kama unakumbuka, uliniangalia, ukasukuma kikombe chako mbele yangu ukasema: “Kunywa, mama. Weye umeshona muchana muzima. Minye niko muzima.”

Nikanywa. Nilikuwa nimeshiba viazi na samaki, na nikanywa uji wako. Ningekataa ungeuliza kwa nini. Tangu jioni hiyo ulinipa kikombe chako kila jioni ya uji mpaka wiki ya tatu ikaisha, na sikukirudisha hata mara moja.

Nimesimama kidogo hapo, nikaenda uani kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Nimerudi.

Wiki moja baada ya kufunga kwetu kwisha, baba yako alirudi. Alirudi kwa sababu jiwe lilimwangukia mguu na jiko lile lingine halikutaka kiwete, ameniambia mwenyewe. Lakini siku ile nilijua nini kuhusu jiwe? Jumapili nilisimama kanisani na kitenge changu kipya nikatoa ushuhuda. Nilisema, “Tulifunga wiki tatu, mimi na mtoto wangu, bila kulegea.” Ndiyo maneno hayo hayo ambayo leo yako kwenye fishi yako. Watu walipiga makofi, akina mama walikuja kukushika kichwa. Tangu hapo wakaanza kukuletea haja zao, huyu ana kesi ya shamba, yule binti yake hapati mimba, nawe unawafungia. Nilikuwa najivuna. Nilikuwa mama wa mtoto wa sala, na katika mji ambao watu wamezoea kulala na mabunda yao yamefungwa tayari kukimbia, jina kama hilo ni ulinzi.

Usiku mmoja uliniuliza, “Mama, nikianza kula sawa zamani, baba atarudia kwenda?” Mtoto mwenye akili aliuliza swali lake lote kwa sentensi moja. Kama mimi ningekuwa mama siku ile, ningekwambia kwamba baba yako alirudi kwa miguu yake, mmoja mzima na mmoja mbovu, na kwamba mama yako alikuwa anakula. Nilikwambia uendelee kumshukuru Mungu, nikageukia ukutani.

Wengine walichelewa kuona. Mimi sikuchelewa, mimi ni fundi. Nilipokupima sare ya kwaya ya Pasaka niliingiza mishono ya pembeni. Ya Kupaa Bwana, nikaingiza tena. Ya Noeli nilikata kitambaa upya kwa sababu hapakuwa na pa kuingiza. Nilikuwa na kipimo mkononi, nilikuwa nasikia mbavu zako chini ya vidole vyangu, na kazi yangu ilikuwa kufanya gauni likukae vizuri ili mtu asione. Nilishona kwa ustadi mkubwa. Sare yangu mwenyewe mwaka ule niliipanua.

Yaliyofuata unayajua, lakini niache niyapite kwa haraka, kwa sababu nataka ujue kwamba nayakumbuka. Ulikuwa unavaa pulova katika joto la Uvira, la saa saba mchana, na midomo yako ni ya buluu. Vinyweleo vilikuota mikononi na mgongoni, laini kama vya mtoto mchanga, nikasema ni uchawi, kumbe, ulinieleza mwenyewe baadaye, ni mwili ulikuwa unajitafutia blanketi. Damu ya mwezi iliacha kuja. Majirani walisema ni karuho, ile sumu ambayo watu wa huku wanaisema kila mtu akikonda. Nikakupeleka Luvungi kwa mzee wa dawa za karuho, naye kama unavyojua anaitoa sumu kwa kutapisha. Mtoto ambaye hana kitu tumboni nikamshika mabega atapishwe siku mbili. Hilo ulinisamehe siku nyingi, ulisema sikujua. Ni kweli, hilo sikujua.

Lakini hospitali nilijua. Siku ya pili baada ya kuzimia kwako, dokta yule mrefu alikaa kwenye kitanda chako, akakuuliza kwa upole kwa nini huli. Moyo wako ulikuwa unapiga polepole mpaka muuguzi alihesabu mara mbili, akidhani amekosea. Ukamjibu kwa sauti ambayo ilibidi ainame kuisikia:

“Mama yangu alifunga sawa na minye, na alikuwa anashona, na alibaki muzima. Minye njo muzaifu. Nikizoea nitakuwa sawa yeye.”

Dokta akageuka, akaniangalia. “Ni kweli, mama?”

Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo, mwanangu, ilibaki nipite tu. Ulikuwa unalala pale, mkono wako umefungwa sindano ya serumu, unataka kufa ili uwe kama mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo. Nikasema, “Ni kweli, dokta.”

Niliona haya mbele ya wale wauguzi wawili na mgonjwa wa kitanda cha pili. Nakwambia kama ilivyokuwa, ni aibu tu, hakuna sababu kubwa zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba kifo kinaweza kumchukua mwingine akaachwa yule mfichaji.

Kisha nikataka kukomboa. Walisema upewe chakula kidogo kidogo kwa vipimo, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla moyo unaweza kusimama. Mimi nikaja na kapu chini ya kitenge: ugali wa muhogo, sombe ya majani yake, samaki mukeke mzima wa kukaanga. Nilikuwa nimekwisha kukulisha tonge mbili muuguzi alipoingia. Alinipokonya sahani. “Mama, unataka kumuua kwa huruma?” Nilimtukana, nakumbuka nilimtukana hata kabila lake. Nilikuwa nadhani chakula nilichokula kwa wiki tatu naweza kukurudishia kwa mchana mmoja.

Ulipona kwa miaka, si kwa siku. Baba yako ndiye aliyekaa na wewe mezani, saa nzima kwa nusu kikombe, akichonga mipini ya majembe, nami nikiwa jikoni najifanya nina kazi. Ulidhani nimechoka na wewe. Uliwahi kumwambia shangazi yako hivyo, naye akaniletea. Sikuchoka na wewe. Nilikuwa siwezi kukaa mbele ya mtu anayepigana kumeza, nami najua ni nani aliyempa vita hiyo.

Ukweli ni kwamba nilipata nafasi nyingine, nikaitupa hiyo nayo. Yule daktari wa utafiti alipokuja nyumbani kwetu mwaka jana, mwenye sauti ya taratibu, alikuwa na karatasi zake za maswali kwa wazazi. Aliniuliza ulizaliwa na uzito gani, ulinyonya vipi, nani mwingine katika ukoo alikuwa na mazoea ya kuacha chakula. Wewe ulikuwa chumba cha pili ukikunja nguo. Nikamjibu, “Ni mimi. Nilifunga naye wiki tatu.” Akaandika. Alikuwa na kalamu nzuri, inaandika bila kukwama. Nilidhani nimejibu swali la kanisani, jambo la heshima. Sikujua kwamba karatasi ile itasafiri, itawekwa pamoja na damu yako na picha za mifupa yako, na wasomi watakaa kutulinganisha mimi na wewe na kusema: mama hivi, mtoto hivi, basi iko kwa damu. Sikujua kwamba utalichukua jibu langu ukalipeleka kwa Espoir, na kwa watoto ambao hawajazaliwa.

Umeniambia mara nyingi kwamba watafiti hawawalaumu wazazi. Ulisema ugonjwa huu hauna mlango mmoja, kwamba wasichana wengi wanafunga na wanarudi kula bila shida, na wewe mmoja hukuweza kurudi, na hapo kuna kitu wanakitafuta ambacho si kosa la mtu. Nawashukuru kwa wema huo. Lakini wanasema hivyo hawajasikia yote. Wakisikia yote na bado wakasema hivyo, nitapumzika. Na kama kweli kuna kitu katika damu, sijui, mimi si msomi, pengine kipo kwa upande wa baba yako, pengine kwa bibi, pengine hakipo. Ninachojua ni kwamba kile walichoandika juu yangu hakipo. Mimi njaa ilinishinda siku ya tatu saa tano ya asubuhi. Hukuupata kwangu uwezo wa kukaa bila chakula, kwa sababu sikuwahi kuwa nao. Na udhaifu ule uliokuwa unajilaumu nao hukuwa nao. Kati yetu wawili aliyeweza alikuwa wewe, na haikupasa mtoto aweze.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango wa kuiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya vile vitenge viwili, uikute Nairobi, ukasirike mbali nami, na hasira ipoe kabla hatujaonana. Sasa naona ni kujificha kule kule. Nitakupa mkononi leo, mkishuka tu kwenye pikipiki, kabla ya kunawa. Isomee popote unapotaka. Baba yako naye hajui. Ukimaliza kuisoma, mpe, au nitamwambia mwenyewe, utakavyoamua wewe. Nitakuwa ndani. Ukitaka kuniuliza, uliza lolote hata mara mia. Ukitaka kunyamaza mpaka Kavimvira na kuvuka bila kuniangalia, nitakuwa nimestahili, na nitakusindikiza hivyo hivyo nimebeba sanduku. Sikuombi msamaha leo, kwa sababu wewe ni mwepesi wa kusamehe, utanisamehe ukiwa umesimama na hutajipa nafasi ya kukasirika. Kasirika kwanza. Umekaa miaka minane ukijikasirikia mwenyewe, hamisha.

Na Espoir, sikupangii. Mtaoana au hamtaoana ni neno lenu. Ila usimwache kwa sababu ya uongo wangu. Ukimwacha, umwache kwa sababu yake mwenyewe, kama wanawake wengine wanavyoacha wanaume.

Nasikia pikipiki huko barabarani, pengine si nyie, lakini namaliza.

Naomba kitu kimoja. Utakapofika kule, na kabla hawajakupima, waombe wakuletee fishi yako. Tafuta pale palipoandikwa kwamba mama alifunga wiki tatu bila kulegea. Pafute, au kama hawaruhusu kufuta, piga mstari juu yake, na kwa mkono wako mwenyewe andika pembeni: mama alikuwa anakula.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Mapendo